Mashimo matano hayatoshi

Ukitafuta rimu ya gari Kirinyaga Road, Nairobi, utaambiwa, “Mashimo ni matano, hii itaingia tu, boss.” Kuingia ni jambo moja, kukaa sawa ni jingine. Rimu za Toyota Premio na za Subaru Impreza nyingi zina mashimo matano kwenye duara la milimita 100. Ila tundu la katikati la Subaru ni milimita 56.1, na la Premio 54.1. Funga ya Subaru kwenye Premio: nati zitashika, lakini rimu yaweza isikae katikati sawasawa, na ukikolea mwendo Thika Road usukani unatetemeka. Watu hukimbilia balansi ya magurudumu, pesa bure! Kinachohitajika ni ringi ya kuziba pengo hilo. Ya Premio kwenye Subaru? Haiingii kabisa.