Hakuna kisukari cha kupanda na kisukari cha kushuka

Juzi sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya, nilimsikia mama mmoja akimwambia mwenzake, kwa uhakika kabisa: "Mimi yangu ni ya kushuka, afadhali. Dada yangu ndiye mwenye ya kupanda." Mwenzake akaitikia, wakaendelea kuchagua nyanya. Maneno hayo nimeyasikia kwenye daladala, msibani, hata kwenye benchi la kliniki ninapompeleka mama yangu. Safari hii nimeona niandike.

Kisukari ni ugonjwa wa sukari kukaa juu kwenye damu kwa sababu kongosho halitoi insulini (homoni inayoshusha sukari) ya kutosha, au mwili hauitikii ile inayotolewa. Ukipimwa asubuhi hujala kitu, kipimo kikasoma milimoli 7.0 kwa lita (mmol/L) au zaidi, na siku nyingine kikarudia hivyo hivyo, unao. Maana ni hiyo.

Tunapopotea ni kwenye jina. Neno sukari tumelipata kwa Waarabu, nao kwa Waajemi, na mizizi yake iko kwenye Kisanskriti, ambako lilimaanisha changarawe, kwa jinsi ile chengachenga inavyoonekana. Sisi tukaliwekea ki-, kama ilivyo kwenye kifafa, kichocho na kiharusi, tukapata jina la ugonjwa. Ndizi kisukari nazo zimepata jina humo humo, kwa utamu wake. Silabi hiyo moja ndiyo inayotenganisha ugonjwa na kitu ambacho kila aliye hai anacho, na mtaani tumeiangusha. Tunasema "fulani ana sukari", "mimi nimepima, sina sukari". Ndugu yangu, usingekuwa nayo usingesimama hapo kuongea, maana ubongo unaitegemea saa zote.

Baada ya sukari kugeuka jina la ugonjwa, tukaazima usemi wa presha: ya kupanda, ya kushuka. Hapo ugonjwa mmoja ukawa miwili, na kila mtu akajichagulia wake.

Usemi huo nusura umuue shangazi yangu, huko Tukuyu. Anachoma insulini. Siku hiyo alichoma asubuhi, akawahi kuchuma chai kabla hajala. Kufika saa nne anatetemeka, jasho linamtiririka, anaongea yasiyoeleweka. Binti yake akakoroga sukari kwenye kikombe cha maji, watu wazima wakamnyang'anya: "Huyu ana ya kupanda, unataka kumuua?" Jirani aliyekuwa na kipimo ndiye aliyemwokoa. Kilisoma 2.6. Akanyweshwa maji yale yale, akarudi.

Mtu yule yule mwenye kisukari ndiye anayepanda na ndiye anayeshuka, pengine siku moja. Ikipanda atasikia kiu, atakojoa mara kwa mara, macho yataona ukungu. Kushuka mara nyingi kunaletwa na dawa yenyewe, insulini au vidonge kama glibenklamidi, mlo ukichelewa au kazi ikizidi. Ulanzi kwenye tumbo tupu nao unashusha, kwa sababu ini likishughulika na pombe linapunguza kutoa sukari kwenye damu. Kwa anayetumia dawa hizo, chini ya 4 ni hatari: apewe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, asubiri dakika 15, apimwe tena, kisha ale. Akiwa amezimia, usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Jina hilo hilo limetuharibia na sahani. Mtu akiambiwa ana "sukari" anaacha sukari ya kwenye chai, halafu anakaa mbele ya mlima wa ugali, au viazi vya Njombe, au wali wa Kyela, au ndizi za mbalaga, akijiona amefuata masharti. Vyote hivyo tumboni vinageuka glukosi, sukari ile ile ya kwenye damu. Havikatazwi, vinapimwa: robo ya sahani, robo nyingine maharage au samaki, na nusu nzima mboga za majani. Parachichi, ambalo huku tunalo tele, halina shida hiyo.

Kwa hiyo mama yangu wa Mwanjelwa, kama kweli umegunduliwa na unatumia dawa, hiyo "ya kushuka" si aina yako ya ugonjwa. Ni dalili kwamba dozi na mlo wako haviendani. Usiipunguze dawa mwenyewe. Andika saa uliyotetemeka na ulichokuwa umekula, na siku ya kliniki mwambie daktari hivi: "Nina kisukari, na wiki hii sukari imenishuka mara mbili." Na dada yako mwambie naye aweke sukari kidogo kwenye pochi.