Tazama Tumbo la Boti Kabla ya Injini

Anayekuja kwetu kuomba ushauri wa kununua boti huanza na injini: ina nguvu farasi ngapi, inakimbia kiasi gani. Mimi humwomba kwanza tuinamie tutazame chini ya boti.

Ziwa Viktoria lina takriban kilomita za mraba 68,800, na lina tabia zake. Mawimbi yake si yale marefu ya bahari kuu yanayokuinua na kukushusha taratibu. Ni mafupi, yamesimama wima na yanafuatana kwa karibu. Usiku upepo wa nchi kavu hutoka pande zote ukakutana katikati ya ziwa, na hapo ndipo dhoruba za radi huzaliwa.

Boti yenye tumbo bapa hupendwa kwa sababu ni nyepesi kwenda na inabeba mizigo mingi. Kwenye mawimbi hayo, kila wimbi ni kofi: viuno vinauma, misumari inalegea, faiba inapata nyufa. Boti ikiwa juu ya magogo pale mwaloni, ufukoni zinakoegeshwa boti, simama nyuma ya tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti, shika ubao ulionyooka uulalishe sawasawa ukigusa mkuku, ule uti wa chini kabisa wa boti. Nafasi kati ya ubao na tumbo ikifungua pembe ya nyuzi 15 hadi 20, na omo, yaani sehemu ya mbele, ikiwa kali zaidi ya hapo, boti hiyo inapasua wimbi. Itakula mafuta zaidi, na ikisimama itayumba kidogo. Nakubali gharama hiyo bila kusita.

Tezi husahaulika sana. Wengi huikata chini ili injini ya kupachika ikae vizuri, kisha siku mawimbi yanapotoka nyuma, nahodha akipunguza mwendo, wimbi linapanda ndani. Tafuta yenye ukuta kati ya injini na abiria, na sakafu iliyo juu ya usawa wa maji, yenye matundu ya kumwaga maji nje yenyewe.

Boti nyingi za Ulaya zina kibao chenye herufi. D ni ya maji tulivu, mawimbi ya sentimita 30 tu. C inahimili mawimbi ya mita 2 na B ya mita 4. Kwa kuvuka ziwa, usishuke chini ya C.

Halafu dari la juu. Niliwahi kukagua boti iliyoongezewa ghorofa ya kukalia wageni. Tulisimama wanne upande mmoja, ikalala. Tukarudi katikati, ikakawia kuinuka, kama mtu aliyechoka. Niliikataa, na iliniuma, maana mwenyewe alikuwa ameweka akiba yake yote humo. Lakini tarehe 20 Septemba 2018, karibu na kisiwa cha Ukara humu ziwani, kivuko MV Nyerere chenye uwezo wa watu 101 kilipinduka kikiwa kimebeba zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Walikufa watu 228.

Kabla ya kulipa, ijaribu. Pakia viroba vya mchanga vyenye uzito wa abiria, kila mtu avae jaketi okozi, mtoke na upepo wa mchana bila kufika mbali. Ipeleke mawimbi yakiwa omoni, ubavuni, kisha tezini. Muuzaji akitaka mwende asubuhi ziwa likiwa kimya, mwambie utamsubiri mpaka mchana.