Tanga jeupe halipakwi: kuchora merikebu kwa rangi za maji

Weupe bora katika rangi za maji ni ule wa karatasi yenyewe. Rangi nyeupe ya titani (PW6, namba ya rangi inayoandikwa kwenye tyubu) ina kazi yake, lakini ikikauka hufanana na chaki, na ukiiweka kando ya karatasi tupu tofauti huonekana mara moja. Ndiyo maana tanga linaloangazwa na jua halipakwi. Kinachopakwa ni anga la nyuma yake, hadi kwenye ukingo wa tanga, na tanga hubaki kuwa pale ambapo brashi haikufika. Huko ndiko kupaka kinyume.

Merikebu huwasumbua wengi kwa sababu moja: ndani ya chombo kimoja mna hali mbili zinazopingana. Juu, tanga ni jeupe kuliko anga. Chini, ubavu ni mweusi kuliko maji. Anayetaka kupaka kinyume chombo kizima atakwama kwenye ubavu, na anayetaka kukipaka moja kwa moja atakwama kwenye tanga. Utazame mlingoti. Sehemu inayopita mbele ya wingu zito ni mstari mweupe ulioachwa. Sehemu inayochomoza juu ya wingu, kwenye anga la mwanga, ni mstari wa kahawia uliopakwa. Pale hali inapogeuka, acha kama milimita 5 ambapo mlingoti na anga vina uzito uleule wa rangi, yaani weusi au weupe uleule, ukingo upotee kabisa. Jicho litauunga lenyewe. Ukiweka alama ya kuutenganisha, mlingoti utaonekana umevunjika.

Kwa hiyo kabla ya kulowesha brashi, chora kijipicha cha ukubwa wa kiganja kwa penseli, chenye ngazi tatu tu: nyeupe, kijivu, nyeusi. Kila mahali chombo kinapokutana na kitu kingine, jiulize kipi ni kizito. Dakika 10 za kazi hii huokoa karatasi nyingi.

Karatasi iwe ya pamba tupu, gramu 300 kwa mita mraba, yenye mkwaruzo wa kati. Karatasi ya massa ya mti (mbao iliyosagwa) hunywa rangi bila mpangilio, na mpako wa tatu huvuruga ule wa kwanza. Brashi tatu zinatosha: bapa ya milimita 25, ya mviringo namba 10 yenye ncha nzuri, na nyembamba ndefu ya kuchorea kamba. Kwa rangi, mimi hutumia okari ya manjano, siena iliyochomwa (PBr7) na ultramarini (PB29), basi. Bluu ya thalo (PB15) ni nzuri, lakini huingia kwenye nyuzi za karatasi na haitoki tena. Ikivuka ukingo wa tanga, tanga hilo limekwenda.

Chora kwa penseli ya 2B, mkono mwepesi, umbo la nje tu. Tanga lichore likiwa pana kuliko unavyolitaka, milimita 1 hivi kila upande, maana kila mpako unaopita kando yake hulimega kidogo. Baada ya mipako mitatu, tanga lililochorwa kwa kipimo kamili huwa limekonda, na merikebu huonekana kama ina njaa.

Mpako wa kwanza ni okari iliyozimuliwa sana, karibu maji matupu. Unapita karatasi nzima, juu ya anga, matanga na bahari, isipokuwa sehemu mbili au tatu unazotaka ziwe nyeupe kabisa: upande mmoja wa tanga kubwa, povu la omoni (mbele ya chombo), labda mgongo wa wimbi moja. Watu huacha weupe kila mahali, kisha hakuna weupe unaong'aa. Subiri karatasi ikauke. Iguse kwa mgongo wa mkono: ikiwa bado ina ubaridi, bado ina maji.

Sasa anga, na hapa ndipo picha hupatikana au hupotea. Changanya ultramarini na siena kidogo hadi upate kijivu cha buluu, uzito ukizidi kile unachokiona kwa jicho, kwa sababu rangi ya maji hupauka ikikauka. Changanya nyingi. Kwa karatasi ya sentimita 28 kwa 38, vijiko viwili vya chakula vya rangi iliyo tayari si vingi. Ikikuishia katikati ya anga, utakayochanganya upya haitalingana, na ukingo wa ile ya kwanza utakuwa umeshakauka.

Lowesha anga kwa maji safi, lakini ishia kama sentimita 1 kabla ya tanga; ukanda huo ubaki mkavu. Weka rangi kwenye sehemu yenye maji, kisha kwa ncha ya namba 10 ivute kupitia ukanda mkavu hadi kwenye mstari wa penseli. Kwenye ukavu rangi husimama pale ulipoiacha, hivyo tanga hupata ukingo mkali. Upande wa pili, penye maji, rangi hutawanyika yenyewe na haiachi alama. Ukali upande wa chombo, ulaini upande wa nje: usipoupata ulaini huo, tanga litazungukwa na utepe mweusi kama picha iliyokatwa kwa mkasi ikabandikwa. Geuza ubao kila mara ili tumbo la brashi liwe angani na ncha iguse tanga. Usipake ukiwa umepitisha mkono juu ya tanga. Hapo ndipo matone huangukia.

Vile vipembe vidogo vya anga vilivyo kati ya mlingoti, foromali (mti unaoshikilia tanga) na tanga vipake kwa rangi ileile, wakati uleule, huku ukiinyonya kidogo kwa brashi kavu. Kipembe kidogo hukusanya rangi katikati, kikikauka huwa kizito kuliko anga la jirani na kuonekana kama kiraka.

Ukiweka brashi yenye maji mengi juu ya mpako uliokauka nusu, maji yatasukuma chembe za rangi pembeni na kufanya doa lenye kingo za koliflawa. Usilifute papo hapo. Acha likauke kabisa, kisha lilainishe kwa brashi yenye unyevu na kitambaa.

Wingu zito au kilima cha nyuma huja katika mpako wa pili wa anga, baada ya ule wa kwanza wa anga kukauka. Hapa acha tena: mlingoti, kamba moja au mbili nene, kingo za foromali. Gundi ya mpira ya kuziba karatasi husaidia kwa kamba, ila chovya brashi kwenye sabuni kwanza, na usiikaushe kwa mashine ya nywele, kwani joto huigandisha ikaja kung'oa karatasi. Kwa tanga siipendi. Ukingo wake ni mkali pande zote, hauna uhai.

Ubavu wa merikebu pakaza moja kwa moja, mpako mmoja mzito wa ultramarini na siena, ukianzia omo kuelekea tezi (nyuma ya chombo) bila kusimama. Reli za sitaha zirudishe kwenye kinyume: usichore vyuma, paka matundu yaliyo kati yake, yasilingane upana, na mawili matatu yaunganishe yawe moja.

Kivuli cha chombo majini kina kanuni yake: kitu cheupe huakisiwa kikiwa kizito kidogo, kitu cheusi huakisiwa kikiwa chepesi kidogo. Basi tanga majini si jeupe kama tanga. Acha ule mpako wa okari uonekane, na upake mawimbi mazito kulizunguka, mistari ya kulala, mifupi kwa mbali, mipana kwa karibu.

Kamba nyeupe zinazopita mbele ya ubavu mweusi zikwangue mwishoni kwa ncha ya kisu. Karatasi iwe kavu kabisa, kisu kilale kidogo, upite mara moja. Winslow Homer, mchoraji wa Marekani, alikwangua karatasi namna hiyo kupata mmeto wa maji. Ukishakwangua, usirudishe rangi hapo: nyuzi zimefumuka, zitainywa, na mstari utakuwa mweusi kuliko ubavu wenyewe.