Utaridi mbele ya Jua, 2032: yanayoaminika kuhusu darubini na mahali pa kupigia picha

Jumamosi ya tarehe 13 Novemba 2032, sayari ya Utaridi, ambayo vitabu vingi vya shule huiita Zebaki, itapita mbele ya Jua, na sisi wa Nyanda za Juu Kusini za Tanzania tutauona mpito huo wote, mwanzo hadi mwisho. Kwa saa zetu itaanza kuingia kwenye uso wa Jua kama saa 3:41 asubuhi, itafika katikati ya safari yake saa 6 kasoro dakika 6, na itatoka kama saa 8:07 mchana. Mpito wa Zuhura ulitupita Juni 2012 na hautarudi hadi Desemba 2117, kwa hiyo huu wa Utaridi ndio wetu. Muda wa kujiandaa upo. Ningependa usipotee kwa kununua vifaa visivyofaa wala kwa kupanda milima isiyofaa, maana mengi yanayoaminika kuhusu jambo hili yanapeleka watu huko.

La kwanza linaloaminika ni kwamba miwani iliyotumika Rujewa itatosha. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walifurika Rujewa, wilayani Mbarali, kuona Jua likipatwa kipete, yaani Mwezi ukilifunika likabaki pete ya mwanga, na miwani ya karatasi ilitosha kweli, kwa sababu Mwezi angani unakaribia Jua kwa ukubwa. Utaridi ni kitu kingine. Siku hiyo upana wake utakuwa takriban sehemu moja kwa 194 ya upana wa Jua: weka punje ya ulezi juu ya ungo, ndiyo hali yenyewe. Bila darubini hutaona kitu, na inayokuza mara 50 au zaidi ndiyo inayoshauriwa. Na usije ukavaa miwani hiyo halafu ukachungulia kwenye darubini isiyo na filta, yaani kichujio cha mwanga wa Jua. Darubini huukusanya mwanga wote kwanza, kisha huupeleka kwenye miwani na jicho lako kwa pamoja. Miwani itaungua, na jicho litafuata kufumba na kufumbua.

Filta inakaa mbele ya bomba, upande unaolitazama Jua, ikiwa imefungwa kwa tepu ili upepo usiing'oe. Iliyo salama kwa jicho hupitisha sehemu moja tu kwa 100,000 ya mwanga. Zipo filta nyepesi zaidi zilizotengenezwa kwa ajili ya kamera peke yake, na hizo jicho lisizikaribie. Vile vioo vidogo vyeusi vya kufungwa kwenye lenzi ya kuchungulia, vinavyokuja na baadhi ya darubini za bei nafuu, vitupe, kwa sababu vinaweza kupasuka kwa joto ukiwa unatazama. Filamu ya X-ray, CD na kioo kilichopakwa masizi havifai kabisa. Usisahau pia ile darubini ndogo ya kulengea iliyo ubavuni: ifunike au uitoe.

Kuhusu ukubwa, wengi hudhani darubini pana ndiyo itakayoleta picha nzuri. Usiku ni kweli, kwa sababu nyota hutoa mwanga kidogo. Kwa Jua mwanga tunao hadi tunautupa, hivyo darubini ya lenzi yenye upana wa milimita 70 au 80 inakidhi. Cha kuangalia ni urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka kwenye lenzi hadi pale sura inapojikusanya. Kwa milimita 1,000, sura ya Jua kwenye sensa ya kamera huwa na upana wa milimita 9 hivi, na Utaridi huchukua kama pikseli 12 kwenye kamera za kawaida, kiasi cha kuonyesha kiduara cheusi chenye ukingo. Kwa lenzi ya milimita 200 utabaki na pikseli mbili au tatu, na hutajua kama ni sayari au vumbi. Anza na ISO 100 na shata ya 1/500 ya sekunde, halafu rekebisha.

Sasa mahali, na hapa ndipo penye kosa kubwa zaidi. Utasikia watu wakisema twende uwanda wa juu wa Kitulo, au tupande mlima Loleza, tuwe juu na mbali na taa za mji. Taa za mji hazina kazi saa tano asubuhi! Unaweza kupiga picha nzuri kabisa ukiwa Mwanjelwa, ndani ya jiji la Mbeya, mradi Jua linaonekana. Kinachoamua kila kitu ni mawingu, na Novemba si Septemba. Rujewa ilipata kipete chake wakati wa kiangazi. Novemba ndiyo mvua zetu zinaanza. Asubuhi mara nyingi huwa safi, kisha ardhi ikipata joto mawingu hujikusanya, na huanza kujikusanya milimani. Rungwe, Uporoto na Kitulo huvuta wingu na ukungu mapema kuliko mabonde. Miteremko ya Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Uwanda wa Usangu, uliojificha nyuma ya milima hiyo, haufikii nusu yake. Mimi ningeshuka Usangu, na mtu wa Iringa ningemshauri ashuke kuelekea Pawaga au Izazi.

Huko chini joto nalo lina gharama yake. Hewa inayopanda kutoka kwenye ardhi ya moto huifanya sura ya Jua itetemeke kama iko chini ya maji. Kwa hiyo usiweke darubini juu ya lami, zege au karibu na paa la bati. Tafuta uwanja wenye nyasi au ukingo wa mfereji wa mashamba ya mpunga. Barabara kuu inatusaidia: Uyole, Igurusi, Chimala, Igawa ziko kwenye mstari mmoja, kwa hiyo chagua vituo viwili vitatu mapema, na uamue alfajiri baada ya kutazama anga.

Likifunika wingu usifungashe vitu. Mpito huu ni wa saa 4 na dakika 26 hivi, si wa dakika tatu kama kipete. Mianya ya dakika tano itakupa picha. Kuingia na kutoka ndiko kwa haraka, kama dakika mbili kila kimoja. Nyakati hizo picha nyingi huonyesha Utaridi kama imeunganishwa na ukingo wa Jua kwa tone jeusi, na wapo wanaosema hiyo ni hewa ya sayari. Chombo cha anga TRACE kiliona tone lilelile katika mpito wa 1999, wakati Utaridi haina hewa ya kutajika. Tone linatokana na darubini yenyewe kutotoa sura kali kabisa na ukingo wa Jua kuwa hafifu kuliko katikati.

Lililobaki ni stendi. Kwetu Jua litakuwa nyuzi 48 juu ya upeo mwanzoni, kisha litapanda hadi kama nyuzi 81 saa 6:30 mchana, karibu utosini kabisa. Tripodi nyingi za kamera hazilengi huko, au bomba linagonga miguu. Na stendi za kufuata nyota zilizotengenezewa Ulaya mara nyingi haziinamishwi hadi nyuzi 9, ambayo ndiyo latitudo ya Mbeya. Kabla ya kulipa hela, muulize muuzaji kipimo cha chini cha mwinamo ni kipi. Kisha jizoeze saa sita mchana, Novemba yoyote kabla ya hapo, kwa kufuata madoa meusi ya Jua.