Ukiomba mchango, anza na mtu mmoja

Jamani, sisi tunaopitia meseji za kuomba michango tunaona zinafanana sana, zinaanza na mamilioni wenye njaa, maelfu hawana maji, idadi inazidi kupanda. Yote kweli kabisa. Ila msomaji anasikitika kidogo halafu anapita, na sio kwamba ana roho mbaya, ni vile moyo haujui kuhesabu.

Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2007, wa Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic. Watu walijaza dodoso wakalipwa dola 5, zote noti za dola 1, halafu wakapewa barua ya kuchangia shirika la Save the Children pamoja na bahasha, yani hela ipo mkononi, uamuzi ni wako. Waliosomeshwa takwimu za njaa Afrika walitoa wastani wa dola 1.14. Walioonyeshwa Rokia, mtoto wa kike wa miaka 7 kutoka Mali, walitoa 2.38. Sasa sikiliza hii, waliopewa Rokia NA takwimu kwa pamoja walitoa 1.43 tu! Kwa hiyo ile tabia ya kusimulia habari ya mtoto halafu unamalizia na "na wapo wengine milioni 3 kama yeye" inakuangusha, hizo namba ziweke kwenye ripoti, wafadhili wakubwa watazitaka.

Badala ya "tusaidie sekta ya elimu", sema kuna mtoto wa miaka 9 anakaa dawati la mbele na bado haoni ubaoni, anahitaji miwani, bei yake ni hii. Hapo mtu anaona hela yake inaishia wapi.

Kingine, ondoa aibu ya kutoa kidogo. Watafiti Robert Cialdini na David Schroeder walilijaribu hili mwaka 1976 wakichangisha nyumba kwa nyumba, walipoongeza maneno kwamba hata senti moja itasaidia, waliotoa walipanda kutoka kama 29 kati ya 100 hadi 50, na hawakutoa senti, walitoa kiasi kilekile cha kawaida.

Kama yupo mfadhili aliyeahidi kuongeza shilingi kwa kila shilingi inayochangwa, litangaze hilo, linasaidia. Akisema ataongeza mara tatu haileti tofauti ya maana, watafiti Dean Karlan na John List walishaliona hilo 2007.

Ila naomba sana, huyo mtu mmoja unayemuandika ni binadamu sio chambo. Muombe ruhusa, kama ni mtoto muombe mzazi au mlezi wake, msomee ulichoandika kabla hakijatoka, na picha ya mtoto analia au hana nguo usiiweke hata kama unaamini italeta hela nyingi. Akisema hapana, tafuta namna nyingine ya kuisimulia shida hiyo bila sura yake.