Betri ya magadi, na kwa nini sitaiweka kwenye simu yako

Nje ya mlango wa karakana yangu hapa Moshi kuna ndoo ya mchanga. Wateja wengi hudhani ni ya kuzimia sigara, kumbe ni kaburi la betri zilizovimba: za simu, za pawabenki, za taa za sola, na siku moja moja ya laptopu. Zinakaa humo mpaka nipate pa kuzipeleka, maana betri ya lithiamu iliyovimba si kitu cha kulala nacho chumba kimoja. Januari na Februari, jua linapowaka, ndoo hujaa haraka.

Kila wiki kuna mteja anayeninyooshea simu yenye video. "Fundi, umeiona hii? Inajaa kwa dakika tano, inakaa wiki nzima." Nyingi ya video hizo ni za betri ambazo kimiminika cha ndani kimeondolewa na mahali pake pakawekwa kitu kigumu. Nitaziandikia siku nitakapoishika moja mkononi. Leo nataka kuzungumzia mbili ambazo zimeshatoka maabara zikafika sokoni. Moja inakuja ndani ya simu, na nyingine imetengenezwa kwa sodiamu, ndugu wa chumvi na magadi.

Betri unayoijua ni nyumba mbili zinazotazamana. Ya upande hasi imejengwa kwa kinywe, madini yaleyale yanayopatikana Mahenge. Ukichaji, ioni za lithiamu zinahama kutoka nyumba ya pili, zinavuka kimiminika, zinaingia kulala katikati ya matabaka ya kinywe. Ukitumia simu, zinarudi zilikotoka, na elektroni ambazo hazina ruhusa ya kupita ndani zinazunguka kwa nje. Mzunguko huo wa nje ndio umeme wako. Sony walianza kuuza betri za namna hii mwaka 1991, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino wakapewa Tuzo ya Nobeli ya kemia kwa kazi iliyozizaa.

Kinywe ni bahili wa nafasi: atomi sita za kaboni zinapokea mgeni mmoja tu. Silikoni, ambayo ndiyo siri ya betri mpya za simu, ni mkarimu kupita kiasi, atomi moja inapokea karibu wageni wanne. Lakini wageni hao wakiingia, nyumba inavimba mara tatu na zaidi, wakitoka inasinyaa, na mchezo huo ukirudiwa kila siku mwisho inapasuka vipande. Dawa iliyopatikana ni kuficha chembe ndogo mno za silikoni ndani ya kaboni yenye vitundu, zivimbe humohumo. Honor waliiweka kwenye Magic5 Pro ya soko la China mwaka 2023, na siku hizi kuna simu za mAh 7,000 (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inabeba) ambazo hazijanenepa hata kidogo. Kwa upande wa simu basi, habari ndiyo hiyo, na ushauri wangu ni uleule wa zamani: usiiache kwenye dashibodi ya gari.

Sasa tuje kwenye magadi.

Mama yangu akipika kiburu hutia magadi kidogo, maharage yalainike. Yale mawe meupe ni kabonati ya sodiamu, pamoja na takataka zake. Ziwa Magadi huko Kenya limechimbwa kwa zaidi ya miaka mia moja, na sisi tunalo Natron. (Nisieleweke vibaya: Natron ndiko heroe wadogo wanakozaliana, na sitaki kuliona limegeuzwa shimo.) Kabonati hiyohiyo, ikisafishwa vizuri, ni mojawapo ya malighafi zinazotumika kutengeneza upande chanya wa betri ya sodiamu. Humo ndani hakuna lithiamu, na wala hakuna kobalti, ile ambayo vijana wa Kolwezi, Kongo, wanaifuata mashimoni kwa sululu.

Sodiamu inafanya kazi kwa mtindo uleule wa nyumba mbili, ila mgeni mwenyewe ni mnene. Uzito wa atomi yake ni 23, wa lithiamu ni 7. Kwenye kinywe hakai vizuri, kwa hiyo hujengewa nyumba ya kaboni ngumu iliyovurugika, yenye mianya mikubwa. Matokeo yake ni betri inayobeba umeme kidogo kwa kila kilo. CATL, watengeneza betri wa China, walitangaza wati-saa 160 kwa kilo mwaka 2021, na 175 mwaka 2025, wakati seli nzuri za lithiamu zinavuka 250.

Chukua seli ya 18650, ile ya mviringo iliyomo kwenye tochi na laptopu za zamani, kipenyo milimita 18, urefu 65. Ya lithiamu iliyo nzuri ina mAh 3,000 au zaidi kidogo kwa volti 3.6, yaani karibu wati-saa 11. Ya sodiamu, umbo lilelile, ina kama mAh 1,500 kwa volti 3, yaani wati-saa 4.5. Hapo ndipo penye jibu la kichwa cha makala hii. Elecom wa Japani walitoa pawabenki ya sodiamu mwaka 2025, mAh 9,000, na ina uzito wa kama gramu 350. Unaweza kuitia mfukoni, lakini suruali itakwambia.

Kwa nini basi naisifu? Kwa sababu ya sifuri.

Kila mwezi wa sita, masika yakiisha, naletewa taa za sola ambazo "zimekufa zenyewe". Hadithi ni moja: mawingu ya mwezi wa nne, paneli haikupata jua, taa ikaisha chaji, ikawekwa kabatini. Bodi ya ulinzi huzima taa ili betri isishuke mno, lakini bodi yenyewe inaendelea kunyonya umeme kidogo kidogo, na baada ya wiki nyingi seli iko chini ya volti 2. Ndani ya seli ya lithiamu, upande hasi umepakwa juu ya karatasi ya shaba. Volti zikishuka mno, shaba inaanza kuyeyuka kwenye kimiminika. Ukija kuichaji, shaba hiyo inaganda tena mahali pasipo pake, na inaweza kuunganisha pande mbili kwa ndani. Ndiyo maana siziamshi. Mteja anakasirika, anasema fundi wa jirani huwa "anazishtua" kwa chaja ya gari. Ni kweli huwa anazishtua, na baadhi yake huja kuishia kwenye ndoo yangu.

Seli ya sodiamu haina shaba. Pande zote mbili zimepakwa kwenye karatasi ya alumini, ambayo haina tabia hiyo, na ni nafuu zaidi. Kwa hiyo seli hizi zinaweza kushushwa hadi volti sifuri, zikasafirishwa hivyo, kisha zikachajiwa. Kwa taa ya kijijini, redio, invata ya nyumbani, vitu vinavyokaa ukutani au sakafuni na kusahauliwa, uvumilivu huo nauona una thamani kuliko wembamba. Hata pikipiki za umeme zimo njiani: Yadea walishatoa skuta ya sodiamu huko China.

Kilichochelewesha mambo ni bei. Lithiamu ilipanda sana mwaka 2022, kila mtu akakimbilia sodiamu, kisha lithiamu ikaporomoka na hesabu zikavurugika. Kampuni moja ya Marekani iliyojiita Natron Energy, jina la ziwa letu kabisa, ilifunga kazi mwaka 2025.

Kwa mafundi wenzangu: msichomoe lithiamu mkachomeka sodiamu. Lithiamu ya kawaida hujaa kwenye volti 4.2, sodiamu nyingi hutakiwa kuishia karibu na 4 au chini yake, kwa hiyo chaja ya zamani itaishindilia. Upande wa chini, bodi ya lithiamu hukata kati ya volti 2.4 na 3, wakati sodiamu ina umeme wa kutosha uliobaki hadi 1.5. Utauza betri isiyotoa umeme wake wote. Na msiamini maandishi ya ganda. Niliwahi kununua seli 18650 ishirini zilizoandikwa mAh 9,900. Nilipozipima hakuna iliyofika 1,200. Hakuna 18650 yenye hata nusu ya 9,900. Stika za "sodiamu" zitakuja vilevile, kwa hiyo chukueni mita na mizani.

Mwaka jana nilipata seli chache za sodiamu za kweli. Mbili niliziweka kwenye taa ya mama kule Marangu badala ya ile moja ya lithiamu, nikabadilisha bodi. Masika yakapita, taa ikasahauliwa stoo chini ya magunia. Nilipoipima ilikuwa volti 0.4. Nikaichaji polepole usiku kucha, nikaishusha, nikapima tena: imepoteza kidogo sana. Imerudi ukutani. Mama ana lalamiko moja tu, kwamba taa imeota kigongo mgongoni na haitulii kwenye msumari.