Maana ya Hitaji la Baridi katika Maua ya Mwanzo wa Machipuko

Mwishoni mwa Januari, bustani za Uingereza huonekana kana kwamba zimekufa. Miti imebaki matawi matupu, nyasi zimelala, na asubuhi nyingi udongo huwa umeganda kiasi kwamba jembe haliingii. Katika hali hiyo hiyo, chini ya miti na kwenye viwanja vya makanisa ya zamani, hujitokeza mmea mdogo usiofika urefu wa shibiri, wenye majani membamba na ua moja jeupe lililoinama. Wataalamu wa mimea huuita Galanthus nivalis, jina lililotolewa na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753. Sehemu yake ya kwanza inatokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya maziwa na ua, na ya pili ni neno la Kilatini lenye maana ya kitu cha theluji. Baada yake hufuata krokasi za zambarau na za manjano, kisha narsisi, kisha tulipu, na kufikia Aprili bustani ile ile imejaa rangi.

Anayeyaona maua hayo kwa mara ya kwanza, hasa mtu aliyekulia mahali ambapo baridi ya kugandisha maji haijulikani, husema kwamba ni mimea yenye uvumilivu mkubwa, iliyoishinda baridi. Usemi huo una ukweli, lakini ni nusu yake tu. Mingi ya mimea hiyo isingechanua vizuri kama baridi isingekuwapo. Jambo hilo ndilo huitwa hitaji la baridi: kiasi cha baridi, kinachopimwa kwa kiwango cha joto na kwa urefu wa muda, ambacho mmea hauna budi kukipitia kabla ya kuweza kuchipua au kutoa maua ipasavyo joto linaporudi.

Njia nyepesi ya kulielewa hitaji hili ni kulipasua tunguu la tulipu. Tunguu hilo hufanana kwa umbo na kitunguu cha jikoni, isipokuwa ganda lake la nje ni la hudhurungi na jembamba kama karatasi. Ukilikata kwa urefu mwezi wa Oktoba, wakati ambao wakulima wa bustani wa Ulaya hulipanda, utakuta tabaka nene nyeupe zilizojaa wanga, na katikati yake chipukizi lenye rangi ya manjano hafifu. Ukilifunua chipukizi hilo taratibu kwa ncha ya kisu, utaona majani machanga yaliyokunjana, na ndani yake ua zima, dogo mno, lenye petali zake na viungo vyake vya uzazi. Ua la Aprili lilikwisha kuumbwa tangu majira ya joto yaliyotangulia, tunguu likiwa limepumzika bila majani. Kinachosubiriwa ni uwezo wa kurefuka.

Uwezo huo ndio unaoletwa na baridi. Tunguu linapokaa kwenye joto la chini ya nyuzi 9 za Selsiasi kwa muda wa wiki 12 hadi 16, sehemu ya wanga wake huvunjwa na kuwa sukari, homoni zake hubadilika, na bua huandaliwa kurefuka kwa haraka. Likikosa kipindi hicho huchipua kwa shida: hutoa majani mafupi, na ua hukwama karibu na udongo au hunyauka ndani ya tumba. Kwa sababu hiyo, mtu anayetaka kupanda tulipu Nairobi au Dar es Salaam hulazimika kuyaweka matunguu kwenye jokofu kwa miezi mitatu au minne kabla ya kuyapanda. Asiyaweke pamoja na matofaa au ndizi, kwa kuwa matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huliua ua lililomo ndani ya tunguu ilhali kwa nje tunguu lenyewe linaonekana zima kabisa.

Swali la kwa nini mmea ujifunge na sharti gumu namna hiyo hujibiwa na mahali ulikotoka. Tulipu nyingi za asili ni mimea ya milima na nyika za Asia ya Kati, ambako majira ya joto ni makavu na majira ya baridi ni makali. Katika nchi kama hizo, siku chache za joto zinaweza kutokea hata katikati ya baridi, na mmea unaodanganyika nazo utachipua mapema na kuuawa na jalidi, yaani baridi ya kugandisha, ya wiki inayofuata. Mmea unaosubiri hadi baridi ndefu itimie hauhadaiki na joto la siku tatu za Desemba. Baridi ikishatimia, kazi ya kuamua siku hukabidhiwa joto: kila siku yenye vuguvugu huusogeza mbele, na kila siku ya ubaridi huuchelewesha. Mmea, kwa hiyo, huwa na hesabu mbili zinazofuatana, ya baridi kwanza na ya joto baadaye, na ndiyo maana bustani moja inaweza kuchanua wiki kadhaa mapema au kuchelewa kutoka mwaka hadi mwaka bila kukosa kabisa.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni hili la tulipu, na la machipukizi ya miti kama mtofaa na mcheri, ambamo ua limekwisha kuanza kuumbwa na baridi huja kuuvunja usingizi wake. La pili huitwa venalizesheni, na humo baridi huufanya mmea upate uwezo wa kuanza kuunda maua ambayo bado hayapo. Mfano wake mkuu ni ngano ya majira ya baridi, inayopandwa kabla ya baridi kuingia na kuvunwa majira ya joto yanayofuata. Ngano hiyo ikipandwa wakati wa machipuko, hubaki ikiotesha majani bila kutoa masuke kwa wakati wake. Mtaalamu wa mimea Mjerumani, Gustav Gassner, aliichunguza tabia hiyo kwa utaratibu na kuchapisha matokeo yake mwaka 1918. Jina lenyewe lilienea baada ya majaribio ya mtaalamu wa kilimo Trofim Lysenko katika Umoja wa Kisovieti mwishoni mwa miaka ya 1920. Ni haki kusema wazi kwamba Lysenko alidai pia kuwa mabadiliko yaletwayo na baridi hurithiwa na mbegu, na dai hilo halikuwa kweli. Nguvu za kisiasa alizozipata ziliiumiza sana sayansi ya urithi ya nchi yake.

Namna mmea unavyoikumbuka baridi iliyokwisha kupita ni sehemu ya somo hili inayonivutia kuliko zote. Katika gugu dogo la jamii ya kabichi liitwalo Arabidopsis, ambalo mwanasayansi wa mimea Caroline Dean na wenzake wamelichunguza kwa miaka mingi huko Norwich, Uingereza, kuna jeni iitwayo FLC ambayo kazi yake ni kuzuia maua. Baridi inapoendelea wiki baada ya wiki, jeni hiyo hufungwa katika seli moja, kisha nyingine, hadi zilizo nyingi ziwe zimefungwa. Joto likirudi, jeni hubaki imefungwa hata seli zinapogawanyika, na mmea hupata ruhusa ya kuchanua. Mbegu mpya inapoumbwa, jeni hufunguliwa tena, na kizazi kinachofuata hulazimika kuipitia baridi yake chenyewe.

Sisi wa nchi za joto hatuko mbali na dhana hii kama inavyodhaniwa. Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro au Kiambu anajua kwamba matumba ya mbuni hukaa yamejifunga wakati wa ukavu, na kwamba mvua nzuri ya kwanza ikinyesha, baada ya siku kama 8 hadi 10 shamba zima huwa jeupe na hunukia kama yasmini. Kinachofanywa na baridi kule Ulaya, hapa hufanywa na ukame unaofuatwa na mvua: majira magumu huuweka mmea tayari, kisha dalili ya majira mema huufungua. Pale ambapo mmea wa kwao unaletwa kwetu, hitaji la baridi huonekana mara moja. Aina nyingi za matofaa ya nchi za baridi huhitaji saa zinazokaribia 1,000 zenye joto la chini ya nyuzi 7, muda ambao hata nyanda zetu za juu haziwezi kuutoa. Ndiyo sababu wakulima wa Kabale, Uganda, wamepanda aina iitwayo Anna, iliyozalishwa Israeli, ambayo hutosheka na saa zisizozidi 300.

Ongezeko la joto duniani linazigusa hesabu zote mbili. Huko Kyoto, Japani, ambako kumbukumbu za kuchanua kwa micheri zinarudi nyuma hadi mwaka 812, kilele cha maua kilifika tarehe 26 Machi mwaka 2021, mapema kuliko mwaka wowote uliorekodiwa hadi wakati huo. Hiyo ni athari ya joto la machipuko. Athari ya upande wa pili haionekani kwa urahisi, nayo inanitia wasiwasi zaidi: majira ya baridi yakiwa ya vuguvugu mno, hitaji halitimii, na mti huchanua kwa vipande vipande, tawi moja leo na jingine wiki mbili baadaye, na nyuki hawakuti maua ya kutosha kwa wakati mmoja.

Turudi kwenye ua jeupe la Januari. Petali zake tatu za nje ni ndefu, tatu za ndani ni fupi na zina alama ya kijani, na ncha za majani yake ni ngumu kiasi cha kupenya udongo ulioganda. Usiku wa jalidi kali mmea wote hulala chini kama uliokatwa. Barafu ikiyeyuka, husimama tena. Huchanua mapema kwa sababu miti iliyo juu yake bado haina majani, na mwanga wote unafika chini. Muda huo ni mfupi, kwa hiyo majani yake hufanya kazi haraka ya kutengeneza chakula na kukiteremsha kwenye tunguu. Wakulima wa bustani wenye uzoefu hawayakati majani hayo maua yanapokwisha, hata yanapogeuka manjano na kuharibu sura ya bustani. Huyaacha hadi yakauke yenyewe, kwa kuwa ua la Januari ijayo linaumbwa kwa chakula hicho.